Nyumba ya Paka, Munyaka

Siku tuliyomzika Mama Wambui, paka wake alikuwa amelala kwenye kiti chake, kile chenye kitambaa cha kufuma mgongoni, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwondoa. Watu walikuwa wamejaa. Wazee wa kanisa walibanana kwenye mabenchi ya kukodi, akina mama wa chama walijaza kochi lote, wengine walisimama mlangoni na sahani za wali mkononi, na katikati ya mkusanyiko huo wote paka mmoja mzee wa rangi ya majivu, sikio moja nusu, alikuwa amejikunja kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Mchungaji alipoingia alimtazama, paka naye akafungua jicho moja akamtazama, na mchungaji akasema hapana, atasimama tu, amekaa sana garini. Nilicheka. Mama aliyekuwa karibu nami alidhani nimeanza kulia, akanishika mkono na kunipa kitambaa, na kwa kuwa nilikuwa nimeshashikwa mkono, nikalia kweli. Hadi leo sijui vizuri nilikuwa nalia nini. Nyumba yangu iko Kimumu, hapa hapa Eldoret, si mbali. Ukikata kupitia mashamba na ploti mpya unafika Munyaka kabla hujachoka. Kwa miaka mingi nilinunua unga kwa mama huyu. Lakini chumba kile cha nyuma ya duka nilikuwa sijakikanyaga tangu nikiwa msichana, na kilichonishangaza ni kwamba karibu kila kitu kilikuwa pale pale nilipokiacha.

Niliishi humo mwaka mmoja tu, mwaka uliofuata mtihani wa kidato cha nne, nikiwa msichana mrefu mwembamba mwenye maneno machache na hasira nyingi. Kwa nini sikuwa na pengine pa kukaa ni habari ndefu, na baadhi ya wanaohusika wako hai na wanajua kusoma, kwa hiyo nitairuka. Inatosha kusema kwamba shangazi yangu Rosa, aliyeuza mboga sokoni na kununua unga kwa Mama Wambui, alinipeleka Munyaka asubuhi moja nikiwa na begi na godoro lililokunjwa. Mama Wambui alikuwa mjane wa makamo. Mbele alikuwa na duka, pembeni mashine ya kusaga mahindi, na nyuma, ukipita pazia la maua, ndiko alikoishi. Chumba kilikuwa na joto la mashine, na kila kitu ndani yake kilikuwa na vumbi la unga: redio, kalenda, picha ya marehemu mumewe ukutani, hata majani ya ua la plastiki juu ya kabati. Nilikalishwa kitandani na kikombe cha chai ya maziwa na vipande vya mkate vilivyopakwa siagi kwa ukarimu ambao sikuuzoea, na wale wawili wakabaki upande wa pili wa pazia wakinizungumzia kana kwamba pazia ni ukuta.

“Mtoto ni mzuri, Mama Wambui,” shangazi alisema. “Anajua kazi. Hatakusumbua.”

“Nimemuona. Lete kikapu yako.”

“Kikapu ya nini tena?”

“Wewe lete tu. Mimi sichukui mkono mtupu.”

Kisha nikasikia maharagwe yakimiminwa kwenye gorogoro, ule mkebe wa bati wa kupimia nafaka ambao kila duka la Eldoret linao. Sauti yake naikumbuka kuliko nyuso zao. Alijaza mpaka yakapita ukingo, maana niliyasikia yakidondoka kaunta, na shangazi akacheka, “Ai, si ungeacha tu!” lakini kikapu alileta. Alipoingia kuniaga kilikuwa kimemvuta bega upande mmoja. Nilikitazama, sikumtazama yeye. Mkate niliuweka kando. Nilikuwa nimeambiwa naenda kukaa kwa mtu, na sasa nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu kwamba nimebadilishwa kwa maharagwe.

Kwa hiyo swali langu la mwaka ule lilikuwa moja, na nililibeba kila mahali, hata chooni. Je, hapa ni kwetu, au nimewekwa tu? Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Mama Wambui mwenyewe hakuwa mtu wa kuulizwa. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye leso kichwani na kalamu ndani ya leso, na alijibu maswali mengi kwa kukupa kazi. Jioni ile ya kwanza aliniletea beseni la maji ya moto na kopo la mafuta ya kukamulia, yale mazito ya kupaka chuchu za ng'ombe, ambayo huku kwetu watu hupaka pia mikono na nyuso wakati wa baridi.

“Weka miguu hapa.”

“Yangu?”

“Kwani kuna mguu ya nani ingine?”

Nyufa za visigino vyangu zilikuwa zikiniaibisha, na nilizificha chini ya kitanda. Akavuta mguu mmoja bila kuomba, akausugua, akaupaka mafuta, akavuta wa pili. Hakusema kitu cha upole. Alisema, “Hizi siku za kwanza usitoketoke. Kaa hapa ndani ujue nyumba.” Na geti la nyuma akalifunga kwa kufuli. Nililala nikinuka kama zizi, nikifikiria kufuli lile.

Paka ndio walionichanganya zaidi. Watu wasiojua mji wetu hudhani paka wa mtaani huzaliwa mtaani. Wengi hutupwa. Mtu anahama nyumba ya kukodi na mwenye nyumba mpya hataki paka, au paka ameiba nyama ya wageni, basi anatiwa kwenye gunia, anabebwa mbali asijue njia, na kufunguliwa sokoni. Mama Wambui alikuwa haendi sokoni bila kurudi na mmoja. Wengine walikuja na malori ya mahindi, wamelala kati ya magunia tangu shambani. Mmoja alipatikana juu ya mlingoti wa umeme, na kwa sababu hiyo aliitwa Stima. Ndivyo walivyopewa majina, kwa pale walipookotwa: Soko, Stima, Kanisa. Hakupoteza muda kutafuta majina matamu. Mimi aliniita Nekesa, jina langu lote, na kwa miezi kadhaa hilo ndilo lililokuwa tegemeo langu kubwa.

Wiki niliyofika alileta paka mwenye tumbo la minyoo na macho yaliyoganda usaha. Aliingia naye chumbani akiwa bado guniani, akafunga mlango, akamtoa, akamfuta macho kwa kitambaa cha maji moto. Kisha akachukua mafuta ya kupikia, akampaka miguu yote minne. Nilikuwa nimesimama na ufagio.

“Kwa nini unampaka?”

“Atalamba. Akimaliza kulamba, ameshajua hapa kunanuka aje. Sasa usifungue mlango. Hizi siku za kwanza hatoki.”

Niliangalia miguu yangu. Ilikuwa imelainika vizuri, nyufa zimeanza kufunga. Sikujua nicheke au nichukue begi langu. Niliingia kwenye chumba cha mashine, nikasimama pale ambapo kelele hairuhusu mtu kufikiri, na bado nilifikiri. Kama nilikuwa paka, basi nilikuwa paka anayeosha vyombo na kupepeta mahindi. Lakini kama nilikuwa mfanyakazi, mbona hakuna mfanyakazi niliyewahi kumsikia akisuguliwa miguu na tajiri wake? Mpaka leo, katika umri ambao wajukuu wananiuliza mambo wakiamini nina majibu, sijawahi kukutana na mtu mwingine aliyekuwa na tatizo hilo.

Tulikula pamoja, sisi na wao. Saa ya chakula mashine ilizimwa na ukimya uliingia masikioni mpaka yakauma. Mama Wambui alikula githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye kiti chake. Mimi, niliyelelewa na ugali, nilipikiwa ugali wangu kando bila kuomba, sufuria ndogo, na paka walipewa ugali huo huo uliolowekwa mchuzi wa omena, vidagaa vya ziwani, kwenye sinia moja chini ya meza. Soko alikuwa mchoyo, akiweka mguu ndani ya sinia. Mama Wambui aliwahutubia paka kwa Kikuyu, mimi kwa Kiswahili, na wateja kwa lugha yoyote waliyokuja nayo. Siku moja nilimsikia akimwambia Kanisa maneno marefu kwa sauti ya chini ya kubembeleza, nikamwonea wivu paka. Nalisema wazi kwa sababu nilimwonea sana.

Paka waliopona aligawa. Wakulima waliokuja kusaga walihitaji paka wa ghala, na habari zake zilifika Yamumbi na mbali zaidi. Lakini alikuwa na sharti, na sharti hilo hakulilegeza hata kwa mzee wa kanisa. Lazima anayechukua paka aache kitu: yai, mkungu mdogo wa ndizi, mahindi mabichi, chochote. Wengi walijua, kwa maana hata kwao ndivyo ilivyofanywa tangu zamani. Wachache waliuliza, naye akawaeleza kama anavyoeleza bei ya kusaga.

“Ukimtoa na kitu, anajua ameenda. Anakaa kwako. Ukimbeba mkono mtupu, huyo bado ni wangu. Atarudi hapa.”

Wa kwangu alikuwa Lori. Alishuka na mzigo wa mahindi wakati wa mavuno, paka jike mdogo mwenye madoa ya chungwa, mguu wa nyuma umebanwa na magunia. Turuboi, vijana wa kupakua mizigo, walimtupa kando wakidhani amekufa. Nilimlisha maziwa kwa kijiko, nikamfunga mguu kwa kipande cha sare yangu ya shule, na akapona akitembea kwa kuchechemea kidogo, akilala kwenye shingo yangu. Ndipo akaja Mzee Kiptoo, mkulima mpole mwenye kofia ya manyoya asiyoivua hata jua likiwa kali, akasema panya wamemmaliza ghalani, akamnyooshea Lori kidole.

“Huyo mdogo atatosha.”

Mama Wambui alinitazama. Nilikuwa nimejifanya kufagia. Nilijua siwezi kusema kitu. Paka hakuwa wangu, nyumba haikuwa yangu, na machozi yalikuwa yanadondoka juu ya unga na kufanya vidonge. Akamtazama tena Mzee.

“Umekuja na nini, Mzee?”

“Leo sina kitu, mama. Nitaleta siku ingine.”

Nilingoja akatae, kama nilivyomwona akikataa kwa wengine. Nilikuwa nimeshaanza kumshukuru Mungu.

“Haya,” akasema. “Mchukue tu.”

Siku zilizofuata sikumwongelesha ila kwa lazima. Niliona amenidharau mbele ya mgeni, na zaidi, amevunja sharti lake mwenyewe ili anidharau. Nilipika ugali ukaungua kwa makusudi. Aliula vile ulivyo, akasema umepata rangi nzuri. Kisha asubuhi moja, kabla duka halijafunguliwa, nikasikia kucha kwenye bati la mlango wa nyuma, na alikuwa Lori, matope mpaka masikioni, akichechemea, akanipita mimi na kwenda moja kwa moja kwenye sinia. Mama Wambui hakuinuka kwenye kiti. “Mzee hakutoa kitu,” alisema. “Sasa ona.” Mzee Kiptoo alipokuja na mayai, akiomba radhi kwa kupoteza paka, alipewa Soko yule mchoyo, na Soko hakuonekana tena Munyaka. Nilikaa nikijiuliza kama alimwachia Lori aondoke mkono mtupu kwa sababu alikuwa ameona machozi, au kwa sababu siku ile alikuwa na haraka. Ungemwuliza? Mimi sikuweza. Nilimpikia ugali mweupe kabisa, akala bila kuusifu.

Likizo ilipofika alirudi Wambui mwenyewe, bintiye, kutoka shule ya bweni. Alikuwa mdogo wangu kwa madarasa machache na mkubwa wangu kwa kila kitu kingine: viatu, Kiingereza, namna ya kukaa. Kitanda nilicholalia kilikuwa chake. Tuliambiwa tulale wote wawili, na tulilala kila mtu ameutazama ukuta wake, Lori katikati. Siku ya pili au ya tatu nikiwa nyuma naanua nguo, niliwasikia wakiongea katika chumba cha mashine, sauti juu, kama watu wanavyoongea humo hata mashine ikiwa imezimwa.

“Mum, huyu ni wa nini? Ni mboch?”

“Si mfanyakazi wa nyumba. Usimuite mboch.”

“Si anaosha vyombo? Basi ni nani?”

Nilisimama na shuka mkononi. Swali langu la mwaka mzima lilikuwa limeulizwa na mtu mwingine, kwa ufupi kabisa, na mwenye jibu alikuwa anavuta pumzi. Kisha mashine ikawaka. Ilianza kama ilivyoanza siku zote, ikikohoa kwanza, halafu ikajaza ploti nzima, na mimi nikabaki nimekunja shuka lile lile mara nyingi kuliko shuka linavyohitaji. Wambui alipotoka hakunitazama tofauti. Jioni alinipa soksi zake za zamani. Sikujua hiyo nayo ilimaanisha nini.

Mwisho wa mwaka nikaitwa chuo cha ualimu. Shangazi Rosa na mumewe walikuja kunichukua ili nianzie safari kwao, na walikuja kwa heshima zote: shangazi amevaa rinda la kanisani, mjomba amefunga tai, na ndani ya kikapu, kichwa kimetokeza, kuku mwekundu aliyenona. Kwetu sisi watu wa magharibi hakuna anayehitaji kuelezwa kuku ni nini. Kuku ndiye anayesema asante wakati mdomo umeshindwa, na anayemkataa kuku amemkataa aliyemleta. Mama Wambui aliwapikia chapati na kitoweo cha nyama, wakala wakashiba, na mambo yalikuwa matamu mpaka shangazi aliposimama na kumtoa kuku kwenye kikapu.

“Mama Wambui, hatuna kubwa. Hii ni ya kukushukuru vile umetukalia na mtoto.”

“Hapana. Hiyo kuku rudini nayo.”

Shangazi alicheka, akidhani ni adabu ya kukataa kwanza. Akasogeza kuku. Mama Wambui akarudisha mikono yake chini ya leso aliyojifunga kiunoni, kama mtoto anayeficha mikono asipigwe.

“Nimesema rudini nayo. Huyu mtoto sitawapa kwa kitu. Mchukueni tu.”

Kuku alitoa sauti moja. Mjomba alitazama picha ya marehemu ukutani kana kwamba angemsaidia. Mimi nilikuwa nimebeba begi langu, nimesimama karibu na pazia. Aliponichukua alitoa gorogoro lililopita ukingo. Sasa, baada ya mwaka wa kumpepetea mahindi, kumlisha paka, kulala kitanda kimoja na binti yake, alikuwa ananitoa na hata kuku mmoja hamtaki. Nilimuaga kwa mkono, mkono wa mbali. Alinishika muda mrefu kidogo kuliko nilivyotaka na kusema, “Miguu paka mafuta.” Njiani shangazi alimrudisha kuku kikapuni kwa hasira mpaka manyoya yakaruka. “Yule mama ana madharau,” alisema. “Tumemnyenyekea, anatutupia kuku yetu!” Na mjomba, ambaye hakuwahi kuongea sana, alisema tusirudi pale tena kusumbua watu.

Nilifundisha kwingine miaka mingi, nikaolewa, nikarudi Eldoret na kujenga Kimumu. Mara ya kwanza niliporudi dukani kwake nilisimama kwenye kaunta kama mteja. Alinitambua hata kabla sijafungua mdomo. “Nekesa. Umepotea,” akasema. “Niko,” nikamjibu. Akanipimia unga, kisha akainua kile kibao cha kaunta, kile unachokiinua ili mtu apite ndani, akakiacha kimesimama, akaendelea na kazi. Sikujua anaacha njia kwa nani. Niliangalia nyuma kuona kama kuna mtu anapitisha gunia. Nikalipa, nikaenda. Alifanya hivyo kila nilipokuja. Kila mara nilidhani ni mazoea ya uzee, au anataka hewa. Na paka walikuwepo, vizazi vya paka, wakipita chini ya miguu yangu kwenda ndani bila kuulizwa.

Basi, siku ya mazishi, watu walipokwisha kuondoka na mabenchi kubebwa, Wambui alinikuta nimesimama mbele ya kile kiti. Ana mvi sasa, ni mama wa watu wazima, na duka ni lake. Tulikuwa tumesalimiana tu kwa miaka yote hiyo.

“Huyu anaitwa Kaunta,” alisema. “Hakuna mtu alimleta. Aliingia tu mwenyewe. Mum alisema ni wako.”

“Wangu? Alisema lini?”

“Hizi siku za mwisho. Alisema Nekesa akuje amchukue.”

Nilikuwa nimekuja na sukari ya matanga kwenye mfuko, na pakiti moja ilikuwa bado mkononi. Niliijua kazi. Nikaiweka mezani, mbele yake, niache kitu kama inavyotakiwa. Wambui akaichukua na kuirudisha mfukoni mwangu.

“Alisema usitoe kitu. Umchukue mkono mtupu.”

“Lakini Wambui, si atarudi hapa?”

“Hata mimi nilimuuliza hivyo.” Alikuwa akikunja kitambaa cha kiti. “Akasema, ee, atarudi. Nekesa naye atamfuata.”

Nilitoka pale nimembeba Kaunta guniani, na nilikuwa nimefika kwenye mashamba nilipomwona yule kuku mwekundu kama vile anashikiliwa mbele yangu. Niliketi kando ya njia na nguo zangu za msiba. Huyu mtoto sitawapa kwa kitu, mchukueni tu. Ukimbeba mkono mtupu, huyo bado ni wangu. Lori mwenye matope mpaka masikioni. Kibao cha kaunta kimesimama wazi. Nilimweleza paka mambo yote, kwa sauti, na aliyepita na baiskeli akanipa salamu za pole. Lakini sikuwa na uhakika. Huenda nilikuwa natunga. Huenda alikuwa tu mama mkaidi asiyependa kuku, na mimi mzee nimechoshwa na mazishi. Anayejua alikuwa chini ya udongo, na hata alipokuwa juu yake asingesema.

Nilifanya kila kitu nilichofundishwa. Nilimpaka Kaunta mafuta miguuni, akalamba. Nilifunga mlango siku zile za kwanza, nikamwekea ugali na mchuzi wa omena. Alinitazama kwa jicho lile lile alilomtazamia mchungaji. Siku nilipofungua mlango alitoka polepole, akapita chini ya ua, akashika njia ya Munyaka kama mtu anayekwenda kazini. Nilimpigia Wambui simu.

“Ametoroka.”

“Ako hapa kwa kiti.”

“Nije nimchukue?”

“Si ukuje tu. Chai iko.”

Kabla sijaondoka nilipita kwa jirani yangu, nikanunua kuku mwekundu. Nilimbeba kwapani mpaka Munyaka. Dukani hapakuwa na mtu. Miguu yangu ikasimama kwenye kaunta kwa mazoea, na ilibidi niiamrishe. Kibao kilikuwa kimeinuliwa. Nikapita, nikasogeza pazia. Kaunta alikuwa kitini. Wambui alikuwa amemimina vikombe viwili na kupaka mkate siagi nyingi mno, mkono wa mama yake kabisa. Nilimwuliza kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni.

“Siku ile ulimuuliza Mum mimi ni nani, kwa mashine. Alikwambia nini?”

Alifikiri. “Ulikuwa unasikia?” Kisha akacheka. “Hakusema kitu. Aliangalia huko nje ulikuwa, akafuta macho na leso, akaenda akawasha mashine.”

Tulikunywa chai. Tulizungumza habari za soksi, za Lori, za ugali ulioungua. Nilipoinuka nilimnyooshea kuku kwa mikono miwili, kama alivyofanya shangazi.

“Wambui, hii ni ya yule paka. Na ya ule mwaka.”

Alimtazama kuku, akanitazama mimi. Kisha akarudisha mikono yake chini ya leso aliyojifunga kiunoni.

“Hiyo kuku rudi nayo,” alisema.

Nilirudi Kimumu bila paka, na kuku kwapani, nikilia na kucheka mpaka watoto wa njiani wakanipisha. Jirani yangu alikuwa getini. Aliponiona na kuku wake yule yule akaniuliza kulikoni, nikamwambia wamemkataa.

“Pole sana, Mama,” akasema.

“Asante,” nikamwambia. “Asante sana.”